Debe la Mamba

Mzee Tindwa aligonga debe kwa kijiti, polepole, akasubiri. Kila Jumapili familia zilijaa kwenye bwawa lake, karibu na mahali mto unapoingia baharini, kumtazama mamba akiitwa kula. Siku zote mamba aliibuka debe likingali linalia. Leo maji yalitulia tuli, na kichwa cha mbuzi kikabaki kikining'inia kwenye kamba.

“Huyo ameshiba,” mzee alisema akicheka, ila jasho lilikuwa likimtiririka. “Nendeni mkaogelee, jamani. Mtarudi jioni.”

Watoto walinung'unika. Zuena, aliyekuwa ameikodolea macho mikono ya mzee muda wote, alichukua ndoo yake ya kuchezea mchanga akatimka kuelekea ufukweni.

“Usiingie majini mpaka nije!” mama yake, Saumu, alimpigia kelele.

Jasho la mzee lilimtia shaka, Saumu akafuata njia inayozunguka bwawa. Upande wa nyuma, ambako wageni hawapelekwi, alikuta ua wa seng'enge umelala chini. Maji ya bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi, yalikuwa yameuangusha. Juu ya matope kulikuwa na mburuzo mpana, mbichi bado, uliotoka bwawani ukaelekea mtoni.

Hapo ndipo aliposikia ngoma. Ti. Ti. Ti.

Alitoka mbio kuelekea ufukweni. Zuena alikuwa amesimama majini, yakimfika magotini, ameipindua ndoo yake na anaigonga kwa kijiti, polepole, vilevile kama mzee.

“Mama, njoo uone!” aliita bila kugeuka. “Mimi ananiitikia!”