Goti la Mama Mkwe

"Kidogo tu, mama. Ukigusa chini nakuacha upumzike."

Mama mkwe alishika ukingo wa meza, akashuka polepole hadi usawa wa kiti, akaishia hapo. "Basi. Likizidi hapa linagoma."

Sebule nzima iliguna. Majirani walijaa hadi mlangoni, maana goti lile lilikuwa gumzo la mtaa. Magoti mengine ya bandia yanakufikisha kitini tu. Hili la chuma alilibuni mkwe wake, mhandisi, akalifanya duara zaidi upande wa nyuma ili mtu achuchumae hadi kalio liguse kisigino.

Picha za eksirei zilikuwa safi. Daktari aliyempasua aliapa kwamba halina kasoro. Mhandisi angelikagua kwa mkono wake, lakini nani amewahi kushika goti la mama mkwe, hata kama kalitengeneza mwenyewe?

Jumamosi mkurugenzi wa karakana anakofanya kazi angekuja kujionea. Mama asipochuchumaa, mradi unafungwa, na mhandisi anarudi kutengeneza mipira ya kuvisha ncha za magongo ya wagonjwa.

Jioni alimvuta mkewe chumbani, wakajifungia. Kujifungia kwenyewe ni shughuli. Mlango ule ulitoka kwenye ghala lililobomolewa, ulikuwa mrefu kupita kiasi, na seremala badala ya kuukata juu akaukata chini. Kitasa kikashuka hadi usawa wa goti. Kila ukizungusha ufunguo, kiuno kinalalamika.

"Kiroba akiufunga huu mradi nimekwisha," alinong'ona. Kiroba ndilo jina alilompa mkurugenzi, kwa ajili ya tumbo lake. Hakuna mwingine aliyelijua zaidi ya mkewe.

Asubuhi fundi cherehani wa nyumba ya pili alimsimamisha. "Shemeji, huyo Kiroba anafika saa ngapi?"

Dirisha la fundi cherehani linatazamana na lao. Basi jioni hiyo walifunga dirisha, wakateremsha mapazia, wakafungulia redio. Ndipo mhandisi akamwambia mkewe kwamba mchana alilia kazini, chooni. Alipotoka chumbani alikuta miwani ya mama mkwe sakafuni, hapo koridoni. Akaiokota, akampelekea kitini kwake kwa mikono miwili.

Kesho yake fundi cherehani alimletea leso. "Ya kazini," akasema.

"Yule dada ana masikio ya popo," mkewe alisema.

Jumamosi Kiroba alifika, akakaa, kiti kikalia. Mama mkwe alishika meza, akashuka, akaishia palepale pa siku zote.

"Naona aibu mbele ya mgeni," akasema kwa sauti ya mgonjwa.

Kiroba alishusha pumzi. "Kijana, tuongee pembeni."

Sebule imejaa, koridoni watu, pembeni pekee palikuwa chumbani. Mhandisi alifunga dirisha, akateremsha mapazia, akafungulia redio, akainama akazungusha ufunguo.

"Nakufungia mradi," Kiroba alisema. "Pole. Lakini kwa kuwa unaondoka, nikwambie jambo. Yule mwenyekiti wetu, unajua anaishi kwa nani siku hizi? Lisitoke humu."

"Halitoki, bosi."

"Kwa yule mama wa..."

Umeme ukakatika. Redio ikanyamaza, na katika kimya kile, nyuma ya mlango, mtu alimeza mate.

Mhandisi alizungusha ufunguo, akavuta.

Mama mkwe alikuwa amechuchumaa kizingitini, unyayo mzima sakafuni, kalio juu ya kisigino, sikio pale pale kitasa kilipokuwa. Nyuma yake fundi cherehani na nusu ya mtaa walisubiri kupokezwa habari.

"Rudishia mlango, baba," akasema bila kuinuka. "Mgeni alikuwa hajamaliza."