Mtungi Mdogo wa Akiba

"Huu unatosha, mwanangu," alisema Bwana Gharib, mkuu wa stoo ya wapiga mbizi, akiinua mtungi wa hewa ya akiba usiozidi chupa ya chai, kama anayekabidhi kombe. "Ni wa dharura tu."

Salha, ambaye kesho angezama mita thelathini, alimtia mdomo wa mtungi kinywani, akaukandamiza, akambana pua.

"Haya, mtungi mkubwa umegoma. Panda taratibu. Thelathini. Ishirini na tisa."

Kwenye ishirini na mbili hewa ikaisha. Mkuu akatoa macho, akapiga meza makofi.

"Bado uko chini, baba," Salha alisema. "Chagua mwingine."

Mkono wa mkuu ukaanza kupapasa rafu ya juu, kwenye mitungi mikubwa.