Kazi ya Mke na Mume

Verlene aliingiza miguu kwenye buti za mumewe, akajaza soksi mbele ili zisimvuke, akatoka kuzunguka kambi. Alitembea kwa hatua ndefu, kofia ya Orval imemfunika mpaka kwenye nyusi. Alipomaliza duru moja alirudi ndani, akavua, akavaa raba zake mwenyewe, akatoka tena na ndoo na brashi kwenda kuosha vyoo. Ilikuwa kazi ya watu wawili, na aliyeifanya alikuwa mmoja.

Orval alikufa mwezi Machi kule Arizona, walikokuwa wamekwenda kuikimbia baridi. Mkataba wa kutunza kambi hii ya wageni mtoni, huko Idaho, walikuwa wameshausaini tangu Januari, na kampuni haikuajiri mtu mmoja. Ilitaka mke na mume. Ukibaki peke yako, unapewa siku tatu uondoe nyumba yako. Na nyumba yenyewe ilikuwa hii ya magurudumu, waliyohamia miaka tisa iliyopita baada ya kuuza ile ya mbao. Injini ilizima siku Verlene alipofika hapa, haikuwaka tena. Wakimfukuza, ataisukuma kwa kifua?

Basi akadanganya. Waliokuja kupiga kambi wakimuuliza, alisema mzee amekwenda kuvua samaki, mzee amelala, mzee yuko kule juu anapanga kuni. Kila aliposema "mzee wangu" ilimuuma, akirudi ndani analia mpaka anachoka. Kuna nyakati alisikia kabisa mtu akipita nje ya dirisha kwa hatua nzito, na harufu ya kiko cha Orval ikamfikia kitandani. Alijiambia ni upweke huo, usimtie wazimu.

Jumatatu moja asubuhi redio ya mkononi ilimwita. Msimamizi mpya, Bi Kessler, ambaye hakuna aliyewahi kumwona, angefika saa sita mchana kuonana na wafanyakazi wote ana kwa ana. Kila mke na mume wasaini mbele yake. Verlene aliketi kwenye kidaraja cha mlango. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika mwisho.

Palikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha. Upande wa chini wa kambi walikaa Doyle na Nadine, nao wafanyakazi wa kampuni ileile, watu wa kuhamahama na nyumba yao vilevile. Doyle alisema mkewe ana kifua kibovu na hapendi wageni. Verlene hakudadisi, maana ukimchungulia jirani naye atakuchungulia. Lakini kila asubuhi alipopita na ndoo yake, Nadine alisogeza pazia akampungia mkono. Mkono ule ndio uliomshikilia Verlene majira yote ya joto. Leo alitaka kumwomba mwenye mkono amwambie msimamizi kwamba amemwona Orval akielekea mtoni.

Alimkuta Doyle akipasua kuni.

"Jirani, nina neno," alisema. "Ukitaka kunichongea, nichongee tu, nimechoka."

Akamweleza yote, kuanzia Machi mpaka zile buti. Doyle alisikiliza, shoka mkononi, na kadiri alivyosikiliza ndivyo uso ulivyozidi kumparara.

"Orval yupi huyo aliyekufa?" aliuliza.

"Nilikuwa naye mmoja tu, Doyle."

"Mbona juzi kanishikia ngazi nikiziba paa? Tumepiga soga saa nzima, mimi na yeye."

Hasira zilimpanda Verlene. Alimwambia kuna mambo ya kutania na kuna marehemu wa watu, tena yeye hakuja kuomba makubwa, alitaka neno moja tu la Nadine. "Na asubuhi hii amenipungia. Kama wewe hutaki, ngoja nikamwombe mwenyewe."

Shoka lilimtoka Doyle mkononi.

"Nadine nilimzika Aprili," alisema polepole. "Zile ndala zake unazoziona mlangoni, mimi ndiye ninayezitoa kila kukicha. Na mimi wangenifukuza."

Hakuna aliyethubutu kutazama dirishani. Walisimama hivyo, wazee wawili waliodanganyana miezi mitatu, woga umewashika na huruma imewashika, mpaka vumbi la gari likainuka barabarani. Verlene alisema waseme ukweli tu, liwalo na liwe. Doyle aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anatazama nyumba yake kama mtu anayeiaga.

Bi Kessler aliteremka na karatasi zake mkononi, mama mnene mchangamfu, anahema kwa joto. Kabla Verlene hajafungua kinywa, aliwaambia wasijisumbue kuwaita wenzao.

"Nimewakuta langoni, Orval wako na Nadine wako, wanangoja usafiri," alisema, akawaonyesha sahihi mbili ambazo wino wake ulikuwa haujakauka. "Wamesema wao wanaacha kazi leo, na kuanzia sasa jozi ya kambi hii ni nyinyi wawili."