Pindo la Mguu wa Kushoto

"Suruali hii ndiyo kumbukumbu yangu ya marehemu," alisema mwenye nyumba alimopanga marehemu, akijipapasa paja. "Alinikabidhi mwenyewe Jumatatu, ikiwa tayari, nikasafiri. Jumatano napigiwa simu, fundi kajinyonga."

Fundi cherehani huyo alikuwa wa kwetu, ndiyo maana nilitumwa kuja kupeleleza ugenini. Polisi wenyeji walishaandika kwamba amejiua. Askari wao aliyenisindikiza alikuwa akipiga miayo mlangoni.

Kalamu ikaniponyoka. Nikainama kuiokota, uso wangu ukawa karibu na viatu vya mwenye nyumba.

Pindo la mguu wa kulia lilishonwa vizuri, mshono hauonekani. La kushoto lilikuwa bado limeshikizwa kwa uzi mweupe, mishono mirefu ya kwenda upande, ile ambayo fundi huifumua akishashona.

Mimi nimelelewa chini ya cherehani ya mama. Uzi ule ninaujua.

"Marehemu alikuwa mtu wa kulipua kazi?" niliuliza nikiwa bado nimeinama.

"Yule? Thubutu. Hata kifungo kikilegea, nguo haitoki mkononi mwake," alijibu mwenye nyumba.

Niliendelea kuutazama uzi mweupe. Mwenye nyumba aliyafuata macho yangu mpaka chini, kisha polepole akauficha mguu wa kushoto nyuma ya wa kulia.