Faili la Pampu

"Toa mtaa wa Kichangani kwenye faili linaloongoza pampu," bosi Mkude alisema. "Maji yote yapande mlimani. Mheshimiwa anafungua bwawa lake la kuogelea huko leo."

Salha akatoa mikono kwenye kibodi. "Kichangani kuna wodi ya wazazi, bosi. Vichanga wawaoshe kwa mate?"

"Punguza mdomo. Hebu sogea! Mimi nilikuwa fundi wewe bado unanyonya."

Akakaa mwenyewe. Kwenye kioo cheusi cha kompyuta akaandika amri: soma faili, toa Kichangani, majibu yaandike kwenye faili hilo hilo. Salha alitaka kusema kitu, akameza. Amri ya namna hiyo hulifuta faili kwanza, halafu ndiyo inataka kulisoma.

Mkude akabonyeza. Faili likabaki jeupe, halina mtaa hata mmoja, na huko nje pampu za mji mzima zikanyamaza, hadi za mlimani.

"Rudisha!"

"Nakala ya asubuhi ninayo. Ila humo watu wa Kichangani wamo, na mimi siwatoi. Nirudishe?"

Simu ya Mkude, jina la Mheshimiwa likiwaka juu yake, ilikuwa inatetemeka mezani, inajisogeza yenyewe kuelekea ukingoni, na hakuna aliyenyoosha mkono.