Mstari wa Jikoni

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga mwenye bashasha. Kila mwaka tunawakatia majirani zetu wa ng'ambo hatua ishirini za nchi ili wasitupige vita, na mwaka huu hatua ya ishirini ilitua katikati ya nyumba yangu. Wapima wao walipofika, niliwakaribisha vizuri, nikamwomba mke wangu Zawena awapikie chai. Mmoja akaniambia nimshikie ncha ya kamba. Nikaishika, nikaivuta mpaka ikanyooka, nikamtania kwamba jiko letu linavuja, kwa hiyo wakilichukua watutengenezee na paa.

Wakapaka mstari mwekundu kwenye kizingiti cha jiko. Sheria kila mtu anaijua: rangi ikikauka, aliye upande wao ni raia wao, na harudi. Zawena alikuwa mle ndani, anachuja chai.

Huu ni mwezi wa nne. Ananipitishia sahani juu ya mstari, mlinzi wao akifunua kila kifuniko. Mimi nakula sakafuni, yeye kwenye kigoda, kama wachumba waliokatazwa kuonana.

Jana nikajaribu kumliwaza.

"Mama Tumu, angalau amani ipo. Mwaka wa tisa huu, haijapigwa hata risasi moja."

Akafuta mikono kwenye kanga, taratibu.

"Ya nini wapoteze risasi, Baba Tumu, na kamba unawashikia wewe?"