Kitindamimba wa Uani

Raya mwenyewe ndiye aliyeanzisha klabu ya mazingira shuleni, kwa hiyo hakuwa na wa kumlaumu. Alizunguka madarasa yote akihimiza wenzake wapande miti, na wa kwanza kupanda akawa yeye: mkwaju, uani kwao, nyuma ya chumba chake. Na mti wa klabu ukishashika, sheria huufanya mtoto wa nyumba. Hufungiwa kinywa kidogo cha chuma shinani ili uweze kusema, ukapewa jina na haki zote za ndugu.

Mama akamwita Sudi. Tangu siku hiyo Raya hakuwa tena kitindamimba, na katika nyumba ile ukoko wa wali ni wa kitindamimba.

"Mama, mti hauli ukoko!" Raya alilalamika, mama alipokwenda kuuweka shinani.

"Mdogo wako huyo. Usimwonee kijicho," mama akajibu, kisha akamwimbia Sudi wimbo uleule aliokuwa akimbembelezea Raya.

Sisimizi ndio waliofaidi. Raya aliwatazama wakiubeba. Jioni, zamu yake ya kunywesha ilipofika, akakoroga chumvi kwenye ndoo mpaka maji yakawa machungu, akayamimina yote shinani huku akitabasamu.

Mti ukanywa, ukamaliza.

"Sitakusemea kwa mama, dada," Sudi akanong'ona. "Mizizi yangu imeshafika chini ya kitanda chako. Tutayamaliza wenyewe."